Mama Mkwe wa Hospitali Yetu

1 Septemba

Nevena ameniomba niandike. Yuko Graz mwaka wa nne sasa, na anasema kila msimu wa pilipili hoho unapoingia anapata hamu ya kujua nyumbani kunaendaje. Simu haimtoshi, kwa sababu kwenye simu mimi husema tuko salama, halafu nakata. Basi mwanangu, utausoma msimu huu ukija Krismasi.

Joto hapa mjini Krušarevo halijapungua. Bibi yako Trena ameagiza pilipili za kuchoma na kusindika kwenye mitungi, nyingi kuliko mwaka jana, ingawa mwaka jana aliapa kwamba huo ndio mwisho.

Hospitalini tulikuwa na mkutano. Mkurugenzi alitukumbusha yaliyowapata wenzetu wa ng'ambo ya mlima: wahalifu wa mtandao waliingia kwenye kompyuta zao, wakafunga kila faili, wakadai fidia, na wagonjwa wakahamishwa kwa mabasi. Yasitupate na sisi, alisema, tumeletewa programu ya akili mnemba ya kulinda mtandao wetu, pamoja na mtaalamu wa kuiendesha. Mtaalamu mwenyewe ni Ylber, kijana mrefu wa Gostivar anayeongea taratibu kama mtu anayepima unga. Alieleza kwamba programu hiyo haisomi habari za wagonjwa. Inachojifunza ni tabia: nani hufungua kompyuta gani, saa ngapi, inaongea na kompyuta ipi, kwa muda gani. Ikishazizoea tabia zetu, mtu akienda kinyume na kawaida yake, inapiga kelele, na ikiona hatari inamfungia mlango wa mtandao.

Menka, nesi mkuu wa wodi yangu ya watoto, akauliza kama ameelewa vizuri. Yaani kitu hicho kitaangalia unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, ulikuwa na nani, kisha kinalalamika?

Ylber akasema ndiyo, kwa kifupi.

"Basi huyo ni mama mkwe," Menka akasema.

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Ylber naye alicheka, na jioni nikakuta jina hilo limebandikwa kwenye mlango wa chumba chake. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeacha foleni ya watoto wenye kikohozi.

4 Septemba

Mama Mkwe wa hospitali amelalamika siku nzima. Wa nyumbani, bibi yako, mara moja tu, kuhusu viatu vyangu mlangoni.

8 Septemba

Sikukuu. Nimemwambia Trena kuhusu lile jina. Nilidhani atanuna. Aliendelea kuosha mitungi ya kioo, kisha akasema yeye ameishi nami nyumba moja tangu nilipoolewa, amenizika nikiwa hai siku tuliyomzika mwanawe, baba yako, akanifukua tena kwa supu na matusi, na hajawahi hata siku moja kunifungia mlango. Kama kitu hicho kinafunga watu milango, kitafutiwe jina jingine.

Kweli kabisa. Nikachukua kitambaa nikakausha mitungi.

12 Septemba

Mama Mkwe hajatuzoea. Menka huacha kompyuta moja wazi, akafungua nyingine, akasahau zote mbili, akaenda kwenye ya tatu. Programu inadhani kuna watu watatu wanaotumia jina lake. Maabara nao wana mchezo wao wa kutumia neno moja la siri kwa watu wote, limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jokofu la damu. Kila kengele ikilia, Ylber anapanda ngazi na kikombe chake cha kahawa kuja kuuliza.

Leo alikuja kwangu. Akataka kujua kwa nini majibu ya damu ya mtoto mmoja nimeyafungua, nikayafunga, nikayafungua tena, kisha tena.

Nikamwambia ni kwa sababu naogopa kukosea.

Hakucheka. Alisema basi hiyo ni kawaida yangu, atamfundisha Mama Mkwe asihangaike nayo. Sikupenda kuulizwa, na sikupenda zaidi kwamba alikuwa mpole.

18 Septemba

Siku mbaya. Naiandika nikiwa bado na hasira.

Leo ilikuwa siku ya chanjo za wanafunzi. Kila mwaka siku hii tunachota kumbukumbu za watoto wa shule zote kwa mkupuo, tunaziweka kwenye kompyuta za ukumbi wa chini, na watoto wanapita mmoja mmoja. Sote tunalijua hilo. Mama Mkwe hakulijua. Aliona kumbukumbu za watoto wote wa mji zinatoka kwenye seva kwa pamoja, akaona wizi, akatukatia mtandao katikati ya asubuhi.

Hebu fikiria ukumbi umejaa watoto waliokwisha kuambiwa haitauma. Mmoja alianza kulia, wa pili akamfuata, mwishowe walimu nao walikuwa karibu kulia. Sikuweza kujua nani ana mzio wa nini, hivyo sikuthubutu kumchoma hata mmoja. Tulisimama na sindano zetu mpaka Ylber alipofungua mtandao, na kufikia hapo nusu ya watoto walikuwa wamerudishwa madarasani.

Nilishuka chumbani kwake nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, mengine hayakuwa hata yake. Nilipogeuka kutoka, nikamkuta Daktari Kočo mlangoni anangoja zamu yake ya kufoka.

Kočo nimwelezeje? Ni mpasuaji wetu mkubwa, sauti yake inatangulia mwili wake kwenye korido. Nimevuka hamsini na bado ananiita mtoto. Anaandika kwa vidole viwili, anawatuma manesi wamchapie kila kitu kwenye karatasi, na miaka yote hii hatujawahi kukubaliana jambo. Leo tulikubaliana. Katika mkutano wa mchana nilipendekeza kwamba Mama Mkwe asifunge mlango wowote bila idhini ya daktari kiongozi wa zamu. Kočo aliniunga mkono kwa sauti iliyotikisa madirisha. Pendekezo likapita.

Ylber hakubishana. Alipokuwa anakusanya nyaya zake alinijia akasema, "Sawa, Daktari. Ila siku nitakapokuomba idhini hiyo, nakuomba usinicheleweshe."

21 Septemba

Pilipili zimefika. Ua mwekundu kuanzia ngazi hadi getini. Trena anatembea katikati yake kama jenerali.

25 Septemba

Mapacha wamezaliwa, njiti, wa kiume na wa kike. Mama yao ni Zdravka, mshonaji wa pale karibu na soko, aliyengojea mimba mpaka watu wakaacha kumuuliza. Baba yao, Stamen, ni dereva wa lori la pilipili. Amesimama nje ya kioo cha chumba cha watoto njiti akiwa na kofia mkononi kama yuko kanisani. Menka alimwambia aketi. Akasema akiketi hataona vizuri.

Wamelala kwenye masanduku ya joto, na kila pumzi yao inaonekana kwenye kioo cha kompyuta mezani kwa Menka. Msichana ndiye mdogo zaidi. Mkono wake unatosha kushika ncha ya kidole changu, na unashika kweli.

29 Septemba

Lazima nimtendee haki Ylber. Tangu siku ile ya chanjo hakai chumbani kwake. Amehamia kwetu. Amezunguka wodi zote na kalenda, akiuliza siku za chanjo, siku za kliniki ya kisukari, siku ambazo maabara hutuma majibu mji mkuu, Skopje, nani anapokea zamu ya nani. Yote hayo anamfundisha Mama Mkwe. Amewashawishi maabara wafute lile neno juu ya jokofu, kila mtu awe na lake. Menka anamtania lafudhi yake, naye anamtania Menka kwa kompyuta zake tatu, na kahawa inanywewa nyingi.

Kengele zimepungua. Juzi ililia moja tu, na ilikuwa ya kweli: printa ya zamani kule stoo, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba imeunganishwa, ilikuwa ikijaribu kuongea na kompyuta ya nchi nyingine kila asubuhi. Ylber aliibeba hadi uani kama mtu aliyebeba paka mgonjwa. Kočo alisema kumbe na printa ina ndugu ughaibuni.

Trena alipopata habari hizo alitaka kumwona mtu aliyemletea mwenzake hospitalini. Kwa hiyo jana Ylber alikuja kwetu kugeuza pilipili kwenye moto, akamenya hadi vidole vikawa vyeusi. Trena alimhoji kama polisi. Je, kile kitu kinalala? Hakilali. Kinapokea rushwa? Hakipokei. Kina wivu? Hakina.

"Na kikikosea kinaomba radhi?" akauliza.

"Hakiombi, mama. Ila ukikionyesha kosa, kinajifunza, hakilirudii."

Trena alikoroga chungu kidogo. "Basi hapo kimenishinda," akasema.

5 Oktoba

Upepo. Moshi wa pilipili umeingia hadi kwenye chumba cha upasuaji, Kočo anasema wagonjwa wanaamka wakiwa na njaa. Mapacha wanaongezeka uzito.

11 Oktoba

Nimekaa jikoni, chai iko mbele yangu. Nitaandika yote kwa mpangilio kabla sijasahau yalivyofuatana.

Leo ni sikukuu ya taifa, na hali ya hewa ilikuwa kama ya kuagiza: jua bila joto. Mji wote ulikuwa uani ukichoma pilipili. Mkurugenzi alikwenda kwenye harusi ya mpwa wake Ohrid, na mimi nikawa daktari kiongozi wa zamu, na watu wachache kila wodi. Ylber naye alikuwa kazini. Sikukuu za wengine ndizo siku za kazi za wezi, alisema.

Asubuhi msichana wetu mdogo alipata homa. Kwa mtoto wa kimo kile homa haina udogo. Nilimtoa damu, ikapelekwa maabara, nikawa nangoja majibu yatokee kwenye kioo ili nijue dawa gani na kiasi gani. Zdravka alikuwa ameketi pembeni ya sanduku, ameweka kiganja juu ya kioo chake.

Hapo Ylber akaja. Hakupiga simu, alipanda ngazi mbio, na sikuwahi kumwona akikimbia. Akanivuta kando. Akasema Mama Mkwe amepiga kelele kuhusu akaunti ya Daktari Kočo.

Nikamwambia Kočo yuko likizo.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Jina ni lake, neno la siri ni lake. Tabia si yake. Kočo hufungua picha mbili za eksirei asubuhi, anazitazama muda mrefu, anafunga. Huyu anafungua mafaili mengi kwa wakati mmoja, na sasa hivi anagonga kwenye seva ya nakala za akiba."

Nilijua maana yake, kwa kuwa alikwisha kutueleza: wahalifu huharibu kwanza nakala za akiba, ndipo wanafunga mafaili, ili ukose pa kukimbilia. Lakini nilijua pia siku ya chanjo ilivyokuwa. Nikamuuliza kama haiwezekani Kočo anatafuta kitu kwa ajili ya operesheni ya kesho, yuko nyumbani, amemkalisha mtu mwingine kwenye kompyuta amsaidie.

"Inawezekana," akasema.

Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa halikunisaidia. Nikampigia Kočo. Simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena. Ylber alikuwa anatazama kompyuta yake ya mkononi, akasema huyo mtu sasa ameingia kwenye kompyuta ya wodi ya wazazi, na kutoka hapo kuja kwetu ni mlango mmoja.

Sasa ngoja nieleze kilichonipitia kichwani, maana mkurugenzi ataniuliza. Nikikata, majibu ya damu ya mtoto hayatafika kwenye kioo. Kipimo cha dawa ambacho kompyuta hukokotoa, nitakokotoa mwenyewe. Wodi zote zitakuwa vipofu. Na kama ni kosa tena, nitakuwa nimemtangaza Kočo mwizi mbele ya mji mzima na Mama Mkwe atatupwa uani pamoja na ile printa. Nisipokata, na si kosa, watoto wote waliomo humu na wazee wote wa orofa ya juu watakuwa mikononi mwa mtu asiyewajua wala kuwajali. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kufungua mdomo.

Nilimtazama yule mtoto. Menka alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Akasema miguu bado anayo, majibu atayafuata mwenyewe maabara.

"Kata," nikamwambia Ylber.

"Hospitali nzima?"

"Nzima."

Akabonyeza. Vioo vyote vya kompyuta vikaganda. Masanduku ya joto yaliendelea kuwaka, kwa sababu hayo Ylber aliyatenga tangu mwezi uliopita yasitegemee mtandao, na mashine za dripu zikaendelea kudondosha.

Simu yangu ikalia. Kočo. Nyuma yake nikasikia watu wanacheka na moto unapasuka. Aliomba radhi, alisema mikono ilikuwa imejaa maganda ya pilipili, mkewe ndiye amemshikia simu sikioni. Nikamuuliza kama yeye au mtu yeyote wa kwake amefungua kompyuta ya hospitali leo.

Akasema tangu alfajiri hajashika kitu isipokuwa mwiko.

Nikamweleza. Nikasikia akiutupa mwiko chini. Kisha akasema, "Umefanya vizuri, mtoto. Nakuja."

Nilichokiona baada ya hapo nitakikumbuka nikiwa mzee. Habari ilitembea mji mzima kwa kasi ambayo hakuna mtandao unaoiweza, na watu wa zamu nyingine wakaanza kuingia bila kuitwa. Walikuja na aproni, na viatu vya uani, nywele zimejaa moshi. Kwenye sinki kulikuwa na foleni ya watu wanaosugua mikono myeusi kwa brashi ya upasuaji. Kila orofa iliteua wakimbiaji wa kubeba majibu kwa miguu. Wahudumu wa jiko walileta mkate na rojo ya pilipili, ajvar ya kwanza ya mwaka, bado ina joto, na watu walikula wakiwa wamesimama ngazini.

Kočo, mpasuaji mkuu, alifika na kuuliza afanye nini. Ylber akamwambia ukweli, kwamba kwenye kompyuta hamhitaji. Basi akachukua vichupa vya damu akawa anapanda na kushuka navyo, sauti yake inatangulia kama kawaida: "Pisheni, damu inapita." Ndiye aliyeniletea majibu ya msichana wetu. Ilikuwa maambukizi, mwanzoni kabisa.

Nikaketi na kalamu kukokotoa kipimo cha dawa. Nikapata jibu. Nikaanza upya, nikapata lile lile. Nilipoanza mara ya tatu Kočo akavuta kiti, akachukua karatasi yake, akakokotoa peke yake bila kutazama yangu, kidole kikifuata tarakimu. Kisha akageuza karatasi tukalinganisha. Zilikuwa sawa.

"Miaka yote nilidhani unafungua majibu mara tatu kwa sababu hujiamini," akasema. "Kumbe mimi ndiye nafanya mara moja kwa sababu ni mvivu."

Tukampa mtoto dawa.

Mchana wote Ylber na Mama Mkwe walipita kompyuta moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya wiki zile za maswali na kahawa. Kwa kuwa programu ilikuwa inajua kila kompyuta yetu hukaaje siku ya kawaida, iliweza kusema ipi imeguswa na ipi iko kama ilivyokuwa. Zilizoguswa zilitengwa, nyingine zikarudishwa wodi kwa wodi. Nakala za akiba hazikuguswa. Mtu yule alikuwa bado anahangaika na kitasa.

Jua lilikuwa bado liko juu ya milima wodi yetu iliporudi hewani. Kwenye kioo cha Menka pumzi za mapacha zikaanza tena kuandika mistari yake, na Stamen, baba yao, aliyekuwa ameegemea ukuta siku nzima, aliketi chini sakafuni pale pale.

Homa ya msichana inashuka. Nimemwambia Trena yote. Amenitazama, akaniongezea chai, akaniambia nivue viatu.

12 Oktoba

Homa imekwisha. Sina la kuongeza.

15 Oktoba

Wataalamu kutoka Skopje wamekaa nasi siku kadhaa. Wanathibitisha: ile programu ya kufunga mafaili ilikuwa imeshawekwa kwenye kompyuta kadhaa, inasubiri amri tu. Hakuna kumbukumbu ya mgonjwa iliyopotea. Wataalamu walimpa Ylber mkono kwa zamu kama kwenye harusi, naye akawa mwekundu kuliko ua wetu.

Mkutano wa mchana. Kila mtu alijua wezi waliingia kwa jina la nani, na kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake. Kočo akasimama kabla hajaitwa. Akasema alipokea barua pepe iliyoonekana kama ya hospitali, kuhusu kubadilishwa kwa zamu za sikukuu, ikimtaka aingize neno lake la siri. Alikuwa ametoka kwenye operesheni ndefu, akaliingiza. Anataka kila mtu alijue kutoka kinywani mwake, kwa kuwa likinong'onwa litaongezewa chumvi.

Ylber akauliza nani mwingine alipata barua hiyo. Mikono ikainuka, mingi, na wangu ukiwemo. Nani aliifungua? Mikono michache ilibaki juu, pamoja na wa mkurugenzi. Watu wakaanza kucheka, na Kočo akacheka kuliko wote.

Ylber alisema anayebofya barua kama ile si mjinga, mara nyingi ni mtu aliyechoka, na hospitali imejaa watu waliochoka. Ndiyo maana mtu anahitaji kitu kisichochoka kimwangalie, na kitu hicho kinahitaji watu wa kukiambia kipi ni kipi. Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja.

Kisha nikapendekeza tuirekebishe ile sheria yangu. Mama Mkwe aruhusiwe kufunga kompyuta moja moja papo hapo na kutuita mara moja. Kukata hospitali nzima kubaki mikononi mwa daktari. Kočo aliniunga mkono, safari hii kwa sauti ya kawaida, na ndiyo mara ya kwanza nimejua kwamba anayo.

22 Oktoba

Mvua imeanza. Mitungi yote imejaa, rafu zimeelemewa. Trena amesema mwaka kesho hafanyi.

26 Oktoba

Kočo sasa anapita wodini kwetu asubuhi kumsalimia msichana mdogo. Anadai anafuata kahawa ya Menka. Leo alikaa na Ylber anajifunza kuandika kwa vidole vyote. Nilipopita nikasikia Ylber anamwambia atalazimika kumfahamisha Mama Mkwe, la sivyo atadhani ni mtu mwingine tena.

Bado ananiita mtoto. Nimegundua sijali.

3 Novemba

Mapacha wameenda nyumbani.

Asubuhi ilikuwa baridi, mvua ikasita kama imeombwa. Zdravka alikuwa amewashonea mavazi mwenyewe, madogo kama ya wanasesere, na hata hivyo yalikuwa makubwa kidogo. Wamepewa majina: mvulana ni Damjan, msichana ni Iskra. Stamen alikuja na gari dogo la kuazima. Alisema lori lina mtikisiko. Aliwafungia viti vyao, akavifungua, akavifunga upya, na nilielewa kabisa.

Menka alibeba mmoja hadi gari, mimi nikabeba mwingine. Nilidhani tutakuwa sisi wawili. Nilipogeuka nikaona manesi wote wa wodi wametufuata, isipokuwa mmoja aliyebaki na wagonjwa, na wa maabara, na mpishi, na Kočo amevaa kofia ya upasuaji. Zdravka alitukumbatia sote kwa zamu, na waliokumbatiwa wakarudi mwisho wa foleni kukumbatiwa tena. Stamen aliwasha gari akaliondoa polepole kiasi kwamba tukawa tunatembea kando yake, hospitali nzima, hadi getini, na kutoka getini hadi kwenye kona ya soko, huku wauza matunda wakitupisha na kuuliza ni harusi ya nani.

Pale kwenye kona simu yangu ikalia. Ni Ylber, sauti yake ya taratibu.

"Daktari, samahani. Mama Mkwe anauliza kwa nini wodi ya watoto yote imenyamaza kwa pamoja. Maabara pia. Hajawahi kuona kitu kama hiki."

Nilitazama wenzangu barabarani, wanapunga mikono kwa gari ambalo lilikuwa bado halijaenda mbali.

"Mwambie tuko nje," nikasema. "Na wewe vaa koti uje."

Akaja, anakimbia.